Mshumaa Mmoja, Meza Mbili

Neno kwa waamini juu ya ishara za umoja katika arusi zetu



Katika parokia zetu nyingi, hasa za mijini, Misa ya ndoa imepata sehemu ambayo babu zetu hawakuijua. Maarusi wakisha kupeana ahadi na kuvishana pete, mama wa bwana arusi na mama wa bibi arusi huitwa mbele ya altare. Kila mmoja huwasha mshumaa mwembamba. Kisha maarusi huichukua mishumaa ile miwili, huwasha kwa pamoja mshumaa wa tatu, mnene, uliofungwa utepe, na papo hapo huipuliza ile miwili ikazimika. Mpiga picha akiwa hakuipata vizuri, huwaomba warudie. Vigelegele hulia. Wengine huleta vyombo viwili vya mchanga wa rangi mbili, wakaumimina katika chupa moja. Na jioni, ukumbini, ishara za umoja huendelea: maarusi hulishana keki, hunyweshana kwa mikono iliyopishana, na ndafu huletwa mezani akiwa mzima, majani mdomoni.

Tume ya Haki na Amani haiandiki neno hili ili kuwanyang'anya vijana furaha yao. Kilichotusukuma kuandika ni suala la haki, na hoja yetu ni moja. Ishara ya umoja ni ahadi, na ahadi hudaiwa. Tukiwasha mshumaa mmoja mbele ya Mungu, kisha tukaketi katika meza mbili, yaani ukumbini meza ya wenye nacho na ya wasio nacho, na nyumbani meza ya mume na ya mke, basi tumesema uongo mahali patakatifu. Na uongo huo hatuusemi maarusi peke yao. Tunausema sote tuliosimama tukapiga makofi.

1. ISHARA HUSEMA, NA IKISHASEMA HUDAI

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kuchanganya viwili vikawa kimoja. Aprili 1964 Mwalimu Julius Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar, na picha ya tendo lile kila mwanafunzi ameiona. Lakini tukumbuke mpangilio wa mambo. Hati za Makubaliano ya Muungano zilitiwa sahihi na Mwalimu pamoja na Mzee Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964. Udongo ulichanganywa baadaye. Haukushika nafasi ya makubaliano, bali uliyatangaza. Na tangu siku ile, upande mmoja ulipoona hautendewi sawa, ulilalamika, hata maneno "kero za Muungano" yakazoeleka masikioni mwetu. Mtu hawezi kuyajibu malalamiko hayo kwa kusema: "Nyamazeni, udongo ulikwisha kuchanganywa." Kuchanganywa kwa udongo ndiko hasa kunakompa mlalamikaji haki ya kusema.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kusoma kitabu chochote. Wahaya wa zamani walipofunga undugu wa damu, kila mmoja alikula punje ya buni iliyopakwa damu ya mwenziwe, na tangu saa ile walidaiana msaada kama watu waliozaliwa tumbo moja. Mchaga akikuletea jani la isale kuomba amani, hakuleti pambo la nyumba. Anakuweka mahali ambapo hupaswi kuendelea na ugomvi. Ishara ya wazee ilikuwa na meno. Aliyeivunja aliulizwa na ukoo mzima.

Kanisa nalo limeziheshimu ishara kiasi cha kuzirekebisha zilipokuwa zikisema nusu ya ukweli. Kitabu cha Ibada cha Kirumi cha mwaka 1614 kilikuwa na pete moja tu ya kubarikiwa, nayo mume alimvisha mke. Baraka ya arusi nayo ilisomwa hasa juu ya bibi arusi: yeye ndiye aliyeombewa awe mwaminifu, mpole na mwenye haya. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, ibara ya 78, waliagiza sala ile irekebishwe, ili iwakumbushe wote wawili kwamba wajibu wa uaminifu ni sawa kwa mume na kwa mke. Ibada mpya ilipotolewa mwaka 1969, pete zikawa mbili, za kupeana.

Tuutafakari uamuzi huo, ndugu zangu. Kama ishara ingekuwa pambo tu, Kanisa lisingejisumbua kuongeza pete ya pili. Liliiongeza kwa sababu pete moja ilikuwa ikifundisha jambo lisilo la haki, kwamba anayefungwa ni mmoja na mwingine ndiye mfungaji.

2. MSHUMAA UNAOZIMA MISHUMAA

Sasa tuupime mshumaa wa umoja kwa kipimo hicho hicho. Kwanza ieleweke kwamba haumo katika Ibada ya Ndoa ya mwaka 1969, wala katika toleo lake la pili la mwaka 1990. Umetufikia kutoka ng'ambo, kwa njia ya picha za video na maduka ya mapambo. Kutokuwamo kitabuni pekee si dhambi, kwani Mtaguso wenyewe, katika ibara ya 77, uliagiza desturi njema za mahali zihifadhiwe. Basi tuulize tu mshumaa huu unasema nini.

Siku ya ubatizo, kila mmoja wa maarusi hawa alipewa mwanga uliowashwa kwenye Mshumaa wa Pasaka. Wazazi na wasimamizi wa ubatizo waliambiwa wautunze mwanga huo udumu. Leo, mbele ya altare ile ile, mtoto huyo aliyekua anaupuliza. Je, tumemfundisha nini? Ndoa haizimi ubatizo. Mume hukaa mbatizwa, na mke hukaa mbatizwa. Kila mmoja ana dhamiri yake, jina lake mbele za Mungu, na hesabu yake ya siku ya mwisho. Wanakuwa mwili mmoja bila hata mmoja wao kuwa kivuli cha mwenzake.

Tena, tuseme kweli bila kuuma maneno. Mishumaa inayopulizwa ni miwili, lakini katika maisha ya kila siku unaozimika ni mmoja. Asubuhi baada ya arusi, bwana arusi huamka na jina lake, ukoo wake, shamba lake na sauti yake katika baraza. Bibi arusi huambiwa kwamba kwao si kwao tena, na kwa mume si kwake bado. Akitaka kufungua duka huomba ruhusa. Akitaka kumpelekea mama yake dawa huomba ruhusa. Akichaguliwa kuwa kiongozi wa Jumuiya huambiwa kwanza amwulize mwenye nyumba. Mshumaa uliobaki unawaka kwa mafuta ya wawili, lakini unaangaza upande mmoja.

Ishara za kweli za umoja katika ibada yetu zipo, na ni nzito kuliko utepe. Maarusi hushikana mikono ya kuume, kila mmoja hutamka kwa kinywa chake kwamba anamkubali mwenzake, nao hula mkate mmoja na kunywa kikombe kimoja cha Bwana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, yasema wazi kwamba kinachofanya ndoa ni hiari ya hao wawili, na hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kushika nafasi yake. Hiari hiyo hudai sauti mbili zilizo hai, nasi tunamaliza ibada kwa kuzima mianga miwili.

3. MEZA YA UKUMBINI

Tutoke sasa kanisani tuelekee ukumbini, maana umoja tuliouona altareni hauna budi kuonekana pia mezani.

Miezi kadhaa kabla ya arusi huundwa kamati. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na hukutana mara nyingi kuliko Halmashauri ya Walei. Kadi za michango hugawiwa. Kiwango hupangwa: mtu mmoja kiasi hiki, mtu na mwenziwe kiasi hiki. Kabla ya hapo pana kicheni pati na sendofu, kila moja na kadi zake na sare zake. Asiyefikisha kiwango hapati kadi ya kuingia. Hivyo mama mjane wa Jumuiya, aliyewasalia vijana hawa rozari tangu siku ndoa yao ilipotangazwa mara ya kwanza, huketi nyumbani kwake akisikia muziki. Katekista aliyewafundisha jioni kwa jioni hutafutiwa kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni. Walioketi mbele ni wale ambao mshereheshaji anayajua magari yao.

Mtume Paulo aliyaona haya haya huko Korintho. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 11, aliwakemea Wakristo waliokusanyika kwa karamu ya Bwana huku mmoja akiwa na njaa na mwingine amelewa. Aliwauliza kama wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Swali hilo halijazeeka. Mababa wa Mtaguso nao, katika ibara ya 32 ya Konstitusio ile tuliyoitaja, walikataza kabisa watu au matabaka ya watu kupendelewa katika liturujia kwa sababu ya hadhi yao. Lakini siku ya arusi kubwa tunaona mabenchi ya mbele yamefungwa utepe kwa ajili ya wafadhili wa kamati, na waamini wa kila siku wakisukumwa nyuma katika kanisa walilolijenga kwa mikono yao.

Lakini jeraha kubwa zaidi haliko kwa aliyenyimwa kadi. Liko kwa yule ambaye hafiki altareni kabisa. Kila kigango kinawajua. Ni mume na mke walioishi pamoja miaka mingi, wenye watoto waliobatizwa na kupata Kipaimara, wanaokuja kanisani kila Dominika na kubaki wameketi wakati wenzao wanakwenda kumpokea Bwana. Ukiwauliza kwa nini hawafungi ndoa, jibu ni lile lile: "Bado hatujajiandaa." Ukiwauliza maandalizi gani, hawataji mafundisho. Wanataja shela, keki, ukumbi, suti za wasimamizi na ng'ombe. Hali hiyo tumeipa jina la dharau, "uchumba sugu", kana kwamba usugu ni wao peke yao.

Ndugu waamini, ni nani aliyewaambia kwamba bila keki hakuna ndoa? Kanuni ya 848 ya Sheria ya Kanisa yakataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na yaagiza maskini wasinyimwe kamwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Tukimkuta padre anayemfungia maskini mlango kwa kukosa fedha, tungempeleka kwa Askofu siku hiyo hiyo. Lakini paroko hakuwadai keki. Tuliowadai ni sisi walei. Tumeweka ushuru ambao Kanisa halikuuweka, tukausimamia kwa silaha kali kuliko sheria yoyote, yaani kicheko. "Wale walifunga ndoa ya soda," tunasema, na msichana anayetusikia anaapa moyoni kwamba yeye hatachekwa hivyo, hata kama ni kusubiri miaka kumi.

Papa Fransisko aliliona jambo hili katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, Amoris Laetitia, ibara ya 212. Alieleza jinsi nguo na karamu zinavyowamalizia wachumba fedha na nguvu hata wakafika siku ya ndoa wamechoka, na jinsi gharama hizo zinavyowafanya wengine wasifunge ndoa kabisa. Aliwasihi wachumba wawe na ujasiri wa kutofanana na wengine. Sisi twaongeza: wasiachiwe peke yao ujasiri huo. Kijana mmoja hawezi kushindana na kamati, na ni parokia nzima inayopaswa kuwa jasiri pamoja naye.

4. MEZA YA NYUMBANI

Sasa tuingie nyumbani, taa za ukumbi zikiwa zimezimwa na madeni ya arusi yakiwa yamebaki.

Katika nyumba nyingi za Wakristo meza bado ni mbili. Baba hula sebuleni, kwa sahani, vipande vya nyama. Mama hula jikoni na watoto, mchuzi na kinachobaki. Hilo lingekuwa dogo kama lingeishia kwenye chakula. Lakini meza ni mbili pia wakati wa kuuza kahawa, pamba au korosho: mke amelima, amepalilia, amevuna, na mume peke yake ndiye anayejua bei. Meza ni mbili wakati wa kununua kiwanja: fedha ni za wote, jina ni la mmoja. Na kuna nyumba ambamo hakuna meza hata moja, kuna fimbo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yatamka kwamba mtu hana haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Ni aibu kwetu kwamba jambo hili Serikali ililiandika mwaka 1971, na baadhi yetu bado tunamwambia mama aliyevimba uso arudi nyumbani akavumilie msalaba wake. Msalaba wa Kristo haukutengenezwa na mumewe.

Twalipenda mno neno "mchango". Basi tujue kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliulizwa ni kitu gani kinachohesabiwa kuwa mchango wa mke katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mahakama ikajibu kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea na kutunza nyumba, nazo ni mchango wa kuhesabiwa wakati wa kugawana mali hiyo. Sisi Wakristo, tunaohubiri kwamba wawili wamekuwa mwili mmoja, tulipaswa kulisema hili kabla ya majaji. Mchango wa kadi ya arusi huandikwa katika daftari, na aliyechangia husomwa jina. Mchango wa mama aliyeamka saa kumi ya usiku kwa miaka thelathini haumo katika daftari lolote.

Mambo huonekana wazi kabisa siku ya msiba. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Tanzania waliotolewa katika nyumba zao kwa nguvu ya kanuni hizo, ikaona kwamba haki zao zilivunjwa. Wajane hao walikwenda mbali kiasi hicho kwa sababu karibu na nyumbani hawakupata wa kuwasimamia.

Katika kigango kimoja tulimtembelea mama aliyefiwa na mumewe baada ya miaka 11 ya ndoa takatifu. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kuja. Walichukua kitanda, cherehani na mabati yaliyokuwa hayajaezekwa. Walichukua pia kabati, na kabla ya kulibeba walilitoa vitu vilivyokuwamo wakavimwaga sakafuni. Mama yule alituonyesha kitu kimoja kati ya vile alivyoachiwa: mshumaa mnene, wenye utepe uliofifia, uliochomwa kidogo tu upande wa juu. Hakuna aliyeutaka. Akatuuliza kwa upole kama mshumaa ule unaweza kurudishwa parokiani ukawafaa wengine.

Hatukuwa na jibu. Wengi wetu tulikuwapo kanisani siku ulipowashwa. Tulipiga makofi. Miaka 11 baadaye, kabati lilipobebwa mchana kweupe, hakutoka hata mmoja wetu kusema: "Simameni. Sisi ni mashahidi. Tuliwaona hawa wakifanywa kitu kimoja."

Ndugu waamini, hiyo ndiyo kazi ya shahidi. Sheria ya Kanisa hudai mashahidi wawili katika ndoa, mbali na yule anayeisimamia kwa jina la Kanisa. Shahidi wa kweli hubeba jambo aliloliona hadi siku litakapokanwa. Kazi yake haiishii kwenye picha.

5. WATAKAOTUPINGA

Wako watakaosema: "Tume inachukia furaha. Hata Bwana Yesu alikwenda arusini Kana." Naam, alikwenda, na divai ilipokwisha hakuacha wenye arusi waaibike. Muujiza wake wa kwanza uliiondoa aibu ya maskini, nasi tunaiongeza. Tunataka ngoma, vigelegele na chakula. Lakini karamu ambayo jirani analipa kiingilio huitwa tamasha.

Wengine watasema: "Basi tuuache mshumaa wa kigeni tuchukue vyetu, kibuyu kimoja cha mbege au jani la isale, ndiyo utamadunisho." Tunaupenda utamadunisho, na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilituita kuwa Kanisa-Familia ya Mungu. Lakini tusidanganyane. Tukibadili mshumaa kwa kibuyu na kuziacha meza zikiwa mbili, tumebadili chombo cha uongo tu. Tena mila ile ile inayotupa kibuyu cha kunywea pamoja ndiyo iliyompokonya mjane shamba. Utamadunisho wa kweli hupokea kibuyu na kuikemea dhuluma, vyote viwili kwa sauti moja.

Wengine watasema mambo ya mali ni ya dunia, hayana nafasi altareni. Tuwakumbushe kwamba Wakatoliki wa Mexico na Ufilipino, kwa desturi waliyoipata kutoka Hispania, hubarikisha sarafu 13 katika ibada ya ndoa, ziwe ishara ya mali watakayoshirikiana maarusi. Nchini Marekani desturi hiyo iliingizwa katika kitabu cha ibada kilichoanza kutumika mwaka 2016, na humo mume humpa mke sarafu, na mke naye humpa mume. Hatusemi tuige sarafu zao. Twasema tu kwamba mali ya nyumba imekwisha kufika altareni, na altare haikuchafuka. Na Injili ya Mathayo, sura ya 5, yatuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare kwanza, kama ndugu ana neno juu yetu.

6. TUFANYE NINI?

Tume hii haina mamlaka ya kupiga marufuku mshumaa. Maparoko wetu watalipima jambo la liturujia kwa mwongozo wa Askofu. Tunayoyapendekeza hapa ni kazi ya walei, na yanaweza kuanza mwezi huu.

Kwanza, kila Halmashauri ya Walei iandae angalau mara mbili kwa mwaka Misa ya ndoa za pamoja, isiyo na gharama kwa maarusi. Isifanywe kwa kujificha alfajiri kama adhabu ya wakosaji. Ifanywe katika Misa kubwa ya Dominika, kwaya ikiimba, na Jumuiya zikileta chakula kila moja kwa chungu chake. Viongozi wenye uwezo wawe wa kwanza kuwaandikisha watoto wao katika Misa hiyo. Bila hivyo itaitwa Misa ya maskini, na meza zitabaki mbili.

Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo zikatae kadi za kiwango kwa wanajumuiya wake. Anayechangia achangie awezacho, asiye na kitu aje na sala yake, na wote wale pamoja.

Tatu, mafundisho ya ndoa yawe na jioni moja ya Haki na Amani. Wachumba wasomewe vifungu vya Sheria ya Ndoa: kifungu cha 56, kinachompa mke haki ya kumiliki mali sawa na mume, cha 59, kinachokataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na hicho cha 66 tulichokitaja. Waelezwe pia kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zinatambua haki ya mwanamke kuwa na ardhi sawa na mwanaume, na kwamba hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili.

Nne, wanandoa waandike wosia wakiwa wazima. Wapo wanaodhani kuandika wosia ni kujiitia kifo. Kifo hakisubiri barua ya mwaliko. Anayechelewa kwa kukosa wosia ni mjane. Wanasheria wa jimbo na wasaidizi wa kisheria waombwe kuja vigangoni kuwaelekeza watu.

Tano, wasimamizi wa ndoa wapewe wajibu wa kudumu. Waitembelee nyumba ile kila mwaka katika siku ya kumbukumbu ya ndoa. Na ikitokea msiba, wao pamoja na viongozi wa Jumuiya wawepo kikao cha ukoo kinapokaa, wawe wa kwanza kuzungumza kwa niaba ya mjane na watoto.

Na yule atakayependa bado kuwasha mshumaa wa umoja, ikiwa paroko ameruhusu, asiipulize ile miwili. Aiache yote mitatu iwake. Kisha, kabla ya kuupeleka mshumaa kabatini, mume na mke waandike majina yao mawili kwenye karatasi ya kiwanja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu ni wangapi wanaoishi pamoja bila sakramenti kwa hofu ya gharama? Je, tumewahi kuwatembelea, au tumewacheka tu?

2. Arusi ya mwisho iliyofanyika hapa kwetu ilimwacha nani nje, na kwa nini?

3. Ni nani kati yetu aliye mjane na amepokonywa mali? Sisi tulikuwa wapi siku ile?

4. Katika nyumba zetu, je, mke anajua bei ya mazao, na jina lake limeandikwa wapi?

Mshumaa wa mama yule tuliubeba. Unakaa katika ofisi ya Tume, juu ya meza tunapowapokea wenye shida. Hatujaurudisha parokiani, wala hatujauwasha. Kila anayeingia huuliza ni wa nini, nasi humweleza, kisha tunamwuliza yeye ni shahidi wa ndoa ya nani.

Mungu azibariki familia zetu, atupe meza moja. Amina.